Kuahirisha Mahafali ya Chuo Kikuu Wakati wa Mkurupuko wa Ugonjwa: Mwongozo Kamili kwa Kamati

Mwongozo huu ni wa kamati za mahafali katika vyuo vya ukanda wa Ziwa, Magharibi na Nakuru: Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Kibabii, Egerton kule Njoro, na vinginevyo. Unahusu zile wiki ngumu ambapo tarehe imekwisha kutangazwa, majoho yameanza kutolewa, nao ugonjwa umeingia kaunti.

Shikeni jambo moja kabla ya mengine yote: ahirisheni hafla, msiahirishe shahada. Kamati nyingi husogeza vyote viwili kwa pamoja bila kukusudia, na anayeumia ni mhitimu. Mwalimu anayetaka kusajiliwa na TSC (Tume ya Huduma za Walimu) hataulizwa kama alivaa joho, ataulizwa cheti. Mkopo wa HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) nao haungoji sherehe. Sheria yake humtaka aliyekopa aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja tangu amalize masomo, na mwaka huo huanza kuhesabiwa hata kama tenti hazijasimamishwa uwanjani. Kila hatua inayofuata imepangwa kumlinda huyu kijana asikae nyumbani miezi sita bila karatasi.

Hatua ya 1: Undeni kamati ndogo yenye uwezo wa kuamua

Kamati ya kawaida ya mahafali huwa na watu 30 au zaidi. Hiyo haiwezi kukutana saa 2 usiku na kuamua. Undeni ya watu 9: msajili wa masuala ya masomo (mwenyekiti), daktari au klinikali mkuu wa zahanati ya chuo, afisa wa fedha, afisa wa ununuzi, mkuu wa usalama, mkuu wa teknolojia, mkuu wa wanafunzi, mwakilishi wa wahitimu, na afisa wa mawasiliano. Ombeni idara ya afya ya kaunti iwape afisa wa afya ya umma wa kuhudhuria vikao. Chini ya Katiba ya 2010 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo huyu ndiye atakayejua hali ya mtaa wenu kabla ya Nairobi.

Msimsahau mwakilishi wa wahitimu. Yeye ndiye anayejua kwamba wenzake wa Lodwar na Lamu wameshakata tiketi za basi, na ndiye atakayesikia uvumi siku mbili kabla haujafika ofisini.

Kamati hii hupendekeza. Naibu Chansela huamua baada ya kuzungumza na mwenyekiti wa Baraza la chuo na kumfahamisha Chansela. Mpate uamuzi kwa maandishi, hata kama ni barua ya mistari minne. Neno la mdomo halitawasaidia mbele ya mkaguzi wa hesabu.

Hatua ya 2: Jueni ugonjwa mnaopambana nao

Neno "janga" pekee halitoshi kupanga chochote. Kila ugonjwa una njia yake ya kuenea na siku zake za kujificha mwilini, na hizo ndizo huamua mwahirishe kwa muda gani.

Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kula au kunywa kilichochafuliwa. Hatari yake haiko katika kukaa pamoja uwanjani. Iko kwenye chakula, maji na vyoo. Hafla isiyo na chakula inaweza kuwa salama huku kachumbari ya nyumbani iliyooshwa kwa maji ya mto ikiangusha familia nzima. Wakati mwingine kaunti itawaruhusu kuendelea kwa sharti la kutopika wala kuuza chakula. Sikilizeni ushauri huo kabla ya kuahirisha.

Ugonjwa wa njia ya hewa kama COVID-19 ni kinyume chake: umati wenyewe ndio hatari, na mahema yaliyofungwa pembeni huongeza. Mpox huenezwa hasa kwa kugusana, na inaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili. Kwa hiyo majoho yanayovaliwa na mtu baada ya mtu ni jambo la kuangaliwa.

Ebola haina mjadala, mnasimamisha. Kwa vyuo vilivyo karibu na mpaka wa Uganda kule Busia na Malaba hili si la kufikirika. Uganda ilitangaza mkurupuko tarehe 20 Septemba 2022, ukaisha 11 Januari 2023. Ikatangaza mwingine 30 Januari 2025, ukaisha 26 Aprili 2025. Mkurupuko wa Ebola huhesabiwa umekwisha siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 za kujificha. Mkianza kupanga, wekeni akilini miezi mitatu hadi minne, wala si wiki tatu.

Hatua ya 3: Tafuteni siku ya mwisho ya kuamua

Kosa kubwa kuliko yote ni kungoja amri ya serikali. Tukumbuke zilivyokuja: tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa taasisi za elimu, na vyuo vikuu vikapewa hadi 20 Machi. Siku tano. Tarehe 26 Machi 2021 Nakuru iliwekwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos katika eneo moja lililofungwa, watu wasiingie wala kutoka. Juni 2021 zikafuata kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na Magharibi, Kisumu, Siaya, Kakamega, Busia na Bungoma zikiwemo, kwa kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 10 alfajiri. Chuo cha Njoro na chuo cha Maseno vilikuwa chini ya masharti tofauti kwa nyakati tofauti, na mhitimu wa Maseno aliyeishi Nakuru hangeweza kufika mwezi Aprili hata kama Maseno yenyewe ingeruhusiwa. Angalieni wahitimu wanatoka wapi, si chuo kiko wapi tu.

Chukueni karatasi, andikeni kila gharama na siku ambayo fedha zake haziwezi kurudi. Kwa kawaida itakuwa hivi: kijitabu cha majina huingia mtamboni siku 21 kabla, tenti, viti na vipaza sauti hulipiwa rubuni siku 14 kabla, familia hukodi matatu na kununua fahali siku 7 hadi 10 kabla. Siku yenu ya mwisho ya kuamua ni siku 14 kabla ya mahafali. Ikifika na afisa wa afya ya umma hawezi kusema kwa uhakika kwamba hali inatulia, ahirisheni.

Tunasisitiza siku 14 kwa ajili ya wazazi. Chuo kinaweza kujadiliana na mwenye tenti. Mama wa Butere aliyeuza mahindi ya msimu mzima, akalipa rubuni ya matatu ya watu 14 na kumfunga fahali uani, hana wa kujadiliana naye.

Pateni pia barua ya idara ya afya ya kaunti inayoshauri kuahirisha. Mkiahirisha kwa hiari yenu bila barua hiyo, msambazaji anaweza kudai kwamba mmevunja mkataba, maana kifungu cha matukio yasiyozuilika kwa kawaida hutaka sababu iliyo nje ya uwezo wenu.

Hatua ya 4: Tunukuni shahada tarehe ile ile

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo vyuo vingi huteleza.

Seneti ya chuo ikishapitisha matokeo na orodha ya wahitimu, kilichobaki ni Chansela, au anayemwakilisha kwa mujibu wa hati na kanuni za chuo, kuzitunuku shahada hizo. Someni kanuni zenu pamoja na afisa wa sheria. Mkizikuta zinaruhusu kuwatunuku wahitimu bila wao kuhudhuria, itisheni kikao kifupi cha kutunuku tarehe ile ile iliyotangazwa: Chansela, Naibu Chansela, msajili, wakuu wa vitivo, na mwakilishi mmoja wa wahitimu. Watu 15 katika ukumbi wenye madirisha wazi, kwa dakika 40. Kila mkuu wa kitivo husoma idadi na kukabidhi orodha yake. Chansela hutamka maneno ya kutunuku. Msajili huandika kumbukumbu. Waliotakiwa kutia saini hutia saini hapo hapo. Rekodini kwa video.

Sababu ya kung'ang'ania tarehe ni vyeti. Angalieni cheti chochote mkononi: chini kuna mstari unaosema shahada imetunukiwa siku fulani ya mwezi na mwaka fulani. Siku ya kuahirisha, vyeti vingi huwa vimeshachapishwa na tarehe hiyo ipo. Msipotunuku siku hiyo, mna vyeti 3,000 vinavyosema uongo. Kuvichapisha upya ni gharama, tena ni hatari. Karatasi ya cheti ina nambari za mfululizo, na kila karatasi iliyoharibika lazima ihesabiwe, iandikwe kwenye rejista na kuteketezwa mbele ya mashahidi. Karatasi 3,000 za zamani zikizagaa stoo ni mlango wa vyeti bandia. Mkitunuku siku iliyotangazwa, hakuna karatasi inayobadilika.

Ikiwa kanuni zenu haziruhusu, pelekeni ombi la marekebisho kwa Seneti na Baraza mara moja, na wakati huo huo toeni barua za kuthibitisha kuhitimu. Barua hiyo iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya usajili, jina kamili la shahada, daraja, tarehe ambayo Seneti ilipitisha matokeo, saini ya msajili, muhuri, na nambari ya kuthibitishia. Wekeni anwani moja ya barua pepe ya waajiri na mtu wa kuijibu ndani ya siku mbili za kazi. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba barua itatumika kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hupita, mahafali hayajafanyika, na mwajiri anaikataa. Andikeni: "Barua hii inatumika hadi cheti kitakapotolewa."

Nakala za matokeo zitolewe pamoja na barua. Anayeomba nafasi nje ya nchi huhitaji zote mbili.

Hatua ya 5: Tangazo

Neno ni "kuahirisha". Msiandike "kughairi", maana mzazi atalielewa kwamba hakuna mahafali tena, na mwenye mkataba atalielewa kwamba mkataba umevunjwa. Msiandike pia "hadi itakapotangazwa tena" peke yake. Watu huvumilia kungoja wakijua wanangoja hadi lini. Kama hamna tarehe mpya, toeni tarehe ambayo mtaitangaza.

Anzeni na ujumbe wa simu, kwa sababu ndio unaomfikia aliye Budalang'i asiye na bando. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160. Ukizidi, hugawanyika kuwa mbili na gharama huongezeka maradufu. Huu una 159, ukihesabu nafasi na nukta:

"Mahafali ya 18 Des YAMEAHIRISHWA kwa sababu ya kipindupindu. Utatunukiwa shahada tarehe hiyo hiyo. Usisafiri. Usilipe chochote. Tarehe mpya itatangazwa 15 Jan."

Tazameni mpangilio. Neno zito liko mwanzoni kwa herufi kubwa, maana simu nyingi huonyesha mstari wa kwanza tu. Ugonjwa umetajwa kwa jina, maana msipoutaja uvumi utawatajia: migomo, ukosefu wa fedha, mitihani iliyovuja. "Usilipe chochote" iko pale kwa sababu ya matapeli. Ndani ya siku mbili za tangazo lolote la chuo, wahitimu hupigiwa simu na mtu anayedai ada ya joho jipya.

Utaratibu wa siku ya kutangaza uwe huu. Saa 2 asubuhi wafanyakazi wajulishwe, ili mlinzi wa lango na karani wa mapokezi wasiulizwe jambo wasilolijua. Saa 3 ujumbe wa simu uende kwa wahitimu wote. Saa 3 na nusu tangazo liwekwe kwenye tovuti na kurasa za chuo, likiwa na saini na tarehe. Saa 4 lipelekwe kwenye redio. Kwa wazazi, redio za lugha za nyumbani zina nguvu kuliko gazeti: Ramogi FM kwa wasikilizaji wa Kiluo, Mulembe FM na Sulwe FM kwa Waluhya. Msemaji awe mmoja tu kwa siku zote. Wakuu wa vitivo wawili wakitaja tarehe mbili, tangazo lote limekufa.

Waambieni watu pia kuhusu sherehe za nyumbani. Familia nyingi zitasema: basi tule hapa hapa. Kama ni kipindupindu, tangazo liseme wazi: maji yachemshwe, chakula kiliwe kikiwa moto, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sio katika beseni moja linalozungushwa kwa wageni wote.

Hatua ya 6: Mikataba na fedha

Afisa wa ununuzi awaandikie wasambazaji wote siku hiyo hiyo, akiomba tarehe isogezwe kwa masharti yale yale. Kwa chuo cha umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa kabla ya miezi 12 tangu utiwe saini, kwa hiyo msikubali "bei mpya ya msimu mpya". Kwa upande mwingine, aliyekwisha kutumia fedha zake kihalali, mfano mchapishaji aliyenunua karatasi, alipwe kwa kazi iliyofanyika. Wengi wao ni biashara ndogo za Kisumu na Kakamega, na mtawahitaji tena.

Chakula ndicho kigumu. Mpishi akiarifiwa siku 7 kabla au mapema zaidi, kwa kawaida hajanunua chochote. Akiarifiwa siku mbili kabla, nyama na mboga ziko kwake.

Kuna wasio na mkataba ambao hakuna anayewaandikia: wauza mashada na wapiga picha wa langoni. Wengine hukopa kununua bidhaa. Mtumeni mkuu wa usalama awatafute viongozi wao na kuwaambia ana kwa ana. Haigharimu kitu.

Ada ya mahafali iliyolipwa ibaki hai kwa hafla mpya, na anayetaka kurudishiwa sehemu ya joho arudishiwe. Marejesho ya M-Pesa hukwama kwa sababu tatu: nambari imebadilika, jina la laini ni la mtu mwingine, au aliyelipa ni mjomba. Wekeni fomu fupi mtandaoni yenye nambari ya usajili, nambari ya simu na jina la laini, iwe wazi siku 14. Kisha lipeni kwanza watu 20, mlinganishe na taarifa ya benki, ndipo mwendelee na wengine. Anayelipa wote 900 kwa mkupuo mmoja hugundua kosa likiwa limejirudia mara 900.

Hatua ya 7: Majoho

Kama hayajatolewa, msitoe. Foleni ya majoho yenyewe ni mkusanyiko.

Kama yameshatoka, hesabuni kwanza: mangapi, ya rangi zipi, kwa nani. Aliye mbali abaki nalo hadi hafla mpya. Msimlazimishe mtu wa Mombasa kusafiri kurudisha kitambaa. Aliye karibu alirudishe kwa siku ya kitivo chake. Majoho yaliyorudi yafuliwe kwa sabuni, yakaushwe kabisa, yahifadhiwe mahali pakavu. Yakifungiwa na unyevu wa Aprili huota ukungu, nao hautoki kwenye kitambaa cheusi.

Dawa ya klorini haifai kwa majoho, huyatoa rangi. Itumieni kwenye meza, vishikio na mikono, kwa vipimo viwili tofauti. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70: gramu 14 katika ndoo ya lita 20 za maji kwa kunawa mikono, na gramu 140 katika ndoo kama hiyo kwa kusafisha nyuso za vitu. Kinachoharibika mara kwa mara ni ndoo kubadilishana. Mtu ananawa kwenye ile kali, ngozi inaungua. Pakeni rangi ndoo hizo, nyekundu kwa kali, na mchanganye upya kila siku kwa sababu nguvu hupungua. Sabuni ikiwepo na maji yakitiririka, mikono haihitaji klorini.

Hatua ya 8: Kutoa vyeti kwa zamu

Msitangaze "njooni mchukue vyeti kuanzia Jumatatu". Watakuja 1,200 Jumatatu asubuhi, nanyi mtakuwa mmefanya mahafali bila mpangilio.

Pigeni hesabu. Kukagua kitambulisho, kutia saini rejista na kukabidhi cheti ni dakika 5. Dirisha moja huhudumia watu 12 kwa saa. Madirisha manne kwa saa 6 ni watu 288 kwa siku, kwa hiyo wahitimu 3,000 watamalizika kwa siku 11 za kazi. Gaweni kwa kitivo, kisha kwa nusu saa. Watu 24 kila nusu saa hawafanyi umati. Acheni siku mbili mwishoni za waliochelewa.

Klirensi (uthibitisho kwamba mhitimu hadaiwi kitu) ya maktaba, fedha na mabweni ikamilishwe mtandaoni kabla mtu hajapewa zamu. Hapa ndipo foleni huzaliwa: mhitimu anafika dirishani, anaambiwa anadaiwa kitabu, anakwenda maktaba, anarudi, na zamu ya nusu saa imegeuka siku nzima. Wahitimu wa matawi ya chuo yaliyo mahali pengine wachukulie huko huko.

Mwakilishi akitumwa, awe na barua yenye saini ya mhitimu, nakala ya kitambulisho cha mhitimu na chake mwenyewe. Mpigieni mhitimu simu mbele yake. Cheti kilichokwenda kwa mtu asiyestahili hakirudi kwa urahisi.

Hatua ya 9: Tarehe ya zamani, langoni

Hata mkitangaza vizuri, watu watakuja. Mzazi ambaye simu yake ilizimika, shangazi aliyepanda basi la usiku kutoka Mombasa. Wekeni wafanyakazi wawili langoni kuanzia saa 11 alfajiri, si mlinzi peke yake. Wawe na kiti, kivuli, maji ya kunywa yaliyotibiwa, na tangazo lililobandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Mmoja azungumze lugha ya eneo. Mgeni aitwe mama au mzee, aketishwe, aelezwe, na asaidiwe kumpata kijana wake kwa simu. Aliyetoka mbali na ana usafiri wa jioni asiachwe barabarani hadi jioni.

Hatua ya 10: Tarehe mpya

Msitangaze tarehe ambayo mtalazimika kuisogeza tena. Kuahirisha mara ya kwanza watu huelewa, mara ya pili huacha kuamini. Chagueni tarehe kimyakimya, kisha siku 28 kabla yake mkae na afisa wa afya ya umma. Akikubali, ndipo mtangaze.

Machi hadi Mei ni masika, na kando ya Ziwa mvua hupenda kushuka alasiri kwa radi na upepo wa kung'oa tenti. Hafla ya Aprili ianze saa 2 asubuhi na kumalizika kabla ya saa 7. Januari na Februari ni bora. Msiweke Jumamosi: Wasabato ni wengi Kisii, Nyamira na Homa Bay, nao hawatakuja. Mkichagua Ijumaa, malizeni kabla ya swala ya adhuhuri. Angalieni pia kalenda za vyuo jirani, maana mwenye tenti ni yule yule.

Kwa ugonjwa wa hewa, pimeni uwanja. Viti vikiachana mita 1.5 kila upande, kila mtu huchukua mita za mraba 2.25. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Ukitoa karibu asilimia 20 kwa njia na jukwaa, wanabaki watu wapatao 2,500. Chuo chenye wahitimu 3,000, kila mmoja na wageni wawili, kina watu 9,000. Haiwezekani kwa siku moja. Gaweni katika hafla nne za vitivo kwa siku mbili, asubuhi na mchana, au mpunguze wageni hadi mmoja kwa kila mhitimu na mfanye hafla tatu. Kusoma majina nako kuhesabiwe. Sekunde 4 kwa jina, majina 3,000, ni saa 3 na dakika 20 kabla ya hotuba yoyote. Punguzeni hotuba, msiyapunguze majina. Mzazi hakuja kusikia hotuba.

Mkirusha hafla mtandaoni, muwe na njia mbili za intaneti za kampuni tofauti na jenereta iliyojaribiwa ikiwa na mzigo wote juu yake. Jaribio la jenereta tupu halithibitishi chochote.

Hatua ya 11: Orodha ya majina kabla ya kuchapwa upya

Kati ya tarehe ya kwanza na ya pili, mambo hubadilika: walioolewa na kubadilisha jina, waliomaliza kulipa deni, walioondolewa kwa kosa. Na baada ya mkurupuko, huenda wapo waliofariki.

Msiache jambo hili kwa kompyuta. Kila idara ipitie orodha yake kwa kupiga simu, jina kwa jina, mwezi mmoja kabla. Mhitimu akiwa amefariki, mkuu wa kitivo mwenyewe awapigie wazazi, au aende kama ni karibu. Awaulize maswali matatu: wangependa jina lisomwe? Nani atapokea cheti? Wanataka kuketi na wazazi wengine au kando? Familia nyingine zitasema hapana, zitaomba cheti kiletwe nyumbani. Kipelekwe, na mtu wa kitivo, kikiwa kwenye bahasha safi, si kwa posta.

Jina likisomwa, lisomwe mahali pake katika mpangilio wa kitivo, kwa neno "marehemu" mbele yake, na msomaji anyamaze kidogo kabla ya jina linalofuata. Msomaji aonyeshwe mapema, asikutane nalo jukwaani.

Kisha fundi wa teknolojia aondoe nambari ya simu ya mhitimu huyo kwenye orodha ya ujumbe. Simu ya marehemu mara nyingi hubaki kwa mama yake, na asubuhi ya mahafali mfumo hutuma "Hongera" kwa kila nambari iliyomo.